Dozi ya saa 4 usiku

Mofini ya maji ni dawa chungu ya kunywa, na ufundi wake uko kwenye saa. Mgonjwa wa saratani akiruhusiwa kutoka hospitali ya Bugando na kurudi kwao Igombe au Kayenze, huku Ilemela, muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso, humpangia ratiba anayemuuguza: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni. Dozi ya saa 4 usiku huwa maradufu, ili wote wawili walale hadi alfajiri. Naupenda sana mpango huo. Aliyeubuni alimkumbuka pia yule anayekesha kando ya kitanda.

Maumivu hayasubiriwi yapande, kwa kuwa kuyashusha kunadai dawa nyingi kuliko kuyazuia.

Kwingine saa ya dozi imefichwa mwilini. Mwaka 1979 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza jinsi walivyowatuliza wagonjwa wa saratani kwa kudunga mofini ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo. Baadaye ikaja pampu inayopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo. Hubeba mililita 20 au 40, na kupitia mrija mwembamba hudondosha dawa usiku na mchana pale pale taarifa za maumivu zinapoingilia. Miligramu 1 huko hukadiriwa kufanya kazi ya miligramu 300 za kunywa. Ni kazi ya kustaajabisha! Lakini hujazwa upya kwa sindano kwa tarehe maalumu, na ikikauka ghafla mgonjwa huteseka vibaya.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Kampala, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 kwa mofini ya unga iliyochanganywa na maji. Kufikia 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Ilistahili, maana wao ndio wanaoujua mkono ambao mgonjwa huutumia kuonyesha maumivu: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Muuguzi stadi huulizia choo mapema, kwa sababu mofini hufunga choo, na dawa ya kukilainisha huanza siku ile ile ya kwanza. Vidole vitatu vikiendelea kuonyeshwa, dozi hupandishwa kidogo kidogo, huku akiangalia usingizi na pumzi. Na kama kumgeuza au kumwogesha mgonjwa kunamuumiza, hupewa dozi ya ziada nusu saa kabla.