Kijumba cha Poppo, Wimbo wa Wasichana

"Boku" ni "mimi" ya kivulana katika Kijapani, na ndiyo "mimi" ya msimulizi wa "Secret Base", wimbo wa kundi la Zone, yule mtoto aliyejificha uso kwa begi kwa kuona haya. Mwaka 2011 watayarishaji wa Anohana, mfululizo wa anime kuhusu marafiki waliofiwa na mmoja wao, Menma, waliutaka wimbo huo uimbwe upya, uwe wa kufungia. Wakawapa Ai Kayano, Haruka Tomatsu na Saori Hayami, yaani sauti za Menma, Anaru na Tsuruko. Wavulana wa hadithi, Jinta, Yukiatsu na Poppo, wakaachwa nje. Wimbo unahusu kijumba cha maficho, na Poppo ndiye anayelala humo!

Hapo walikosea, tena vibaya. Marafiki ni sita. Wanaoungua zaidi ni wavulana: Jinta aliyekana mapenzi yake siku ileile Menma alipokufa, na Yukiatsu anayevaa gauni na nywele za bandia ili afanane na marehemu. Nani mwingine alistahili kuimba habari za rafiki aliyetoweka ghafla? Badala yake anayekumbukwa ndiye aliyewekwa mbele ya maikrofoni, kana kwamba marehemu ameitwa aje ajililie mwenyewe. Wimbo wa mtu mmoja kwa mwenzake umegeuka kwaya ya darasa.

Watetezi watasema Zone nao walikuwa wasichana na waliimba "boku" bila kusutwa. Ni kweli, na waimbaji wa kike Japani hufanya hivyo mara nyingi. Lakini Zone hawakuwa na Jinta wa kumnyang'anya. Na wale wanaojibu kuwa wavulana walipewa wimbo wa kufungulia, "Aoi Shiori" wa Galileo Galilei, wanachanganya mambo: hiyo ni bendi kutoka Wakkanai, haimo katika hadithi.

Safu hii haijawahi kuficha kinyongo chake na mtindo wa kuwapa waigizaji wa sauti nyimbo za kufungia. Sauti zinatoka zimepigwa pasi. Linganisha na Agosti 8, 2001, Zone wa Sapporo walipoutoa utunzi huu wa Norihiko Machida. Walianza kama kundi la kuimba na kucheza, vyombo wakavishika baadaye, Maiko besi na Mizuho dramu. Miyu, sauti inayoongoza, alikuwa hajatimiza miaka 13. Mtoto wa umri huo anapoahidi kukutana tena baada ya miaka kumi, anaahidi muda unaokaribia maisha yake yote aliyokwisha kuishi, na pumzi yake inasikika ikihangaika na ahadi hiyo. Waliorithi mwaka 2011 walikuwa na miaka kati ya 19 na 23, na pumzi zao hazihangaiki na chochote.

Sifa nazo nitoe. Kuuingiza wimbo chini ya tukio la mwisho kabla picha haijakatika: safi kabisa, heko kwa mwongozaji Tatsuyuki Nagai. Mandhari ya Chichibu, mji wa hadithi hii, safi pia.

Wala watetezi wasiseme wavulana hawaimbi. Miyu Irino, sauti ya Jinta, alikuwa akitoa muziki wake tangu 2009. Rudia sehemu ya 11, pale wote watano wanapompigia Menma kelele kwamba wamemwona. Koo la Irino linapasuka kama la mtoto, mpasuko uleule uliokosekana katika kiitikio kwa sehemu zote zilizotangulia. Maikrofoni ilikuwa palepale mbele yake.