Kitufe Kimoja, Hesabu Mbili

Ukitaka kumjua fundi hodari wa rimoti za magari, mtazame anavyopima betri. Kwenye vibanda vya funguo vya Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, mwanafunzi hugusisha mita, akaona volti 3, akasema nzima. Aliyekomaa hupima huku kidole kimebana kitufe, maana betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa imekaa tu. Ikipewa kazi ndipo inaanguka.

"Fundi, hiyo betri nimenunua jana."

"Betri haina neno, mama. Kitufe ndicho kimekufa."

Anaigeuza bodi chini ya taa. Swichi iliyo chini ya mpira ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na vumbi la huku halina adabu, huingia hata palipofungwa. Anaishika kwa kibano, anayeyusha risasi upande huu, kisha ule, kisha huu tena. Hana haraka. Ukiing'oa kwa nguvu unabandua na njia ya shaba iliyolala kwenye bodi, na hapo rimoti imekwisha.

Ustadi wa pili umo ndani ya chipu, nao hauonekani. Rimoti za kwanza zilirusha namba ileile kila siku. Mwizi aliyeinasa mara moja alikuwa na ufunguo wake. Miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilibuni KeeLoq, mfumo wa namba inayobadilika ambao Microchip ya Marekani iliununua mwaka 1995. Si kila gari linautumia, ila wazo limeenea. Ukibonyeza, chipu huongeza hesabu kwa moja, huificha kwa siri ya biti 64, kisha hurusha biti 66 hewani. Gari linaijua siri hiyo. Hufumbua, hutazama hesabu: ikiwa imesonga mbele, mlango unafunguka; ikiwa ni ya zamani, gari linanyamaza. Mwaka 2008 watafiti wa Bochum, Ujerumani, waliichota siri hiyo kwa kupima umeme unaonyonywa na chipu. Hiyo ni kazi ya maabara, na bado naiheshimu hesabu.

Naiheshimu kwa sababu waliobuni walijua binadamu wanavyoishi. Baba ameenda Kajiado na gari. Nyumbani Kitengela mtoto anachezea rimoti ya akiba mchana kutwa. Kila rimoti ina namba yake na gari huiwekea hesabu yake, kwa hivyo ile ya baba haiguswi. Ya akiba ndiyo imekimbia mbele. Katika KeeLoq, ikizidi kwa 16 au pungufu, gari hupokea bila swali. Ikipita hapo, gari hungoja mbonyezo wa pili, na hesabu mbili zikifuatana, linajirekebisha lenyewe. Nafasi hiyo hufika takriban mibonyezo 32,000. Mtoto atalala kabla hajaimaliza.