Msemo wa Jules Verne na Wapagazi wa Kazeh

Upo msemo unaopendwa sana na wahimizaji wa sayansi mashuleni: kwamba lolote analoweza kuliwaza mtu mmoja, watu wengine wataweza kulitimiza. Chini yake huandikwa jina la Jules Verne, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Kada au mwanafunzi asiumeze kabla ya kuuchambua.

Verne alifariki 1905. Msemo huu hautoki katika riwaya zake. Ulienezwa na kitabu cha maisha yake kilichochapwa 1928 na jamaa yake, Marguerite Allotte de la Fuÿe, kitabu ambacho watafiti wamekwisha kuonyesha kuwa kinachanganya ukweli na utungaji. Basi tutazame aliyoyaandika kweli, maana aliandika juu yetu.

Riwaya yake ya puto, iliyotoka 1863, inaanzia safari Unguja na kushukia Kazeh, yaani Tabora, mashariki ya hapa Usoke. Verne hakukanyaga Unyamwezi. Alitegemea habari za Burton na Speke, waliofika Kazeh Novemba 1857, mizigo yao ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Katika riwaya, wenyeji wanalidhani puto kuwa mwezi, na wazungu kuwa watoto wa mwezi, hata mwezi wenyewe unapochomoza na kuufichua uongo. Mahali pengine nyani wanadhaniwa kuwa watu, na mhusika anafanya mzaha kwamba kwa mbali tofauti si kubwa. Haya ni matusi, na tuyaite hivyo. Wanyamwezi wa wakati ule walikuwa wakienda pwani na kurudi, wakiijua bei ya pembe kuliko huyo aliyewacheka kutoka Paris.

Sasa turudi kwenye msemo. Hao "wengine" ni nani? Mmoja anawaza, wengine wanatenda: huo ndio mpango wa msafara, bwana na ramani yake mbele, wavujajasho na mizigo nyuma. Hata kama Verne hakuusema, unaivaa riwaya yake kama kanzu iliyopimwa. Puto lake lilikuwa njia ya kupita juu ya vichwa vya wapagazi bila kuwahitaji.

Lakini kilichofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma 1914, ni reli. Mkoloni wa Kijerumani aliichora kwa faida yake; vibarua Waafrika waliijenga, na kwa sehemu kubwa ilifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na nyayo za wapagazi. Aliyejua maji yapo wapi na pori lipi lipitwe, je, hakuwaza? Mirambo, aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kuwatikisa wafanyabiashara wa Unyanyembe, hakuwaza?

Hatusemi vitabu vya Verne vichomwe. Upendo wake wa mashine na hesabu una manufaa kwa kijana. Mwalimu anayetaka kuubandika msemo ukutani aufute jina lisilo lake, kisha awasomee wanafunzi sura ya Kazeh, na wao waijibu kwa maandishi.