Cha Mvunguni

Fundi wa Mashuuru, Kajiado, ninayemsifu hapa hana kibao chenye jina wala karakana yenye paa. Ana mgunga mmoja wa kivuli, jeki mbili, sanduku la spana na kijana anayejifunza kazi. Nilimkuta amelala mvunguni mwa Peugeot 504, pikapu ya zamani ya mfanyabiashara wa mbuzi, iliyokuwa ikivuja mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma. Mwenye gari alikuwa na haraka. "Fundi, si uikunje tu hiyo paipu uifunge, nifikishe mbuzi Kitengela kabla jua halijatua?" Fundi akajibu bila kutoka mvunguni: "Mzee wangu, nikiifunga utaondoka na magurudumu matatu yanayoshika. La nne nitakuwa nimelinyima breki, na siku utakapolihitaji mimi sitakuwepo."

Mzee akanyamaza, akaenda kuwatafutia mbuzi wake maji. Kazi ikaanza.

Kutu haikuwa pale mawe ya barabara yanapogonga. Ilikuwa chini ya kibanio, juu ya ekseli, mahali ambapo tope la mvua huganda likakaa na unyevu wake msimu baada ya msimu. Fundi aliikwangua kwa ukucha na chuma kikabanduka vipande vyembamba. Paipu yenyewe kipenyo chake hakifiki milimita 5, lakini dereva akikanyaga breki kwa nguvu, mafuta yaliyomo husukumwa kwa shinikizo linaloweza kuzidi la upepo wa tairi mara 30. Chuma kilicholiwa na kutu hakiwezi kustahimili hilo siku zote.

Hakuing'oa kwa hasira. Alizilowesha nati kwa mafuta, akasubiri, akazifungua kwa ile spana inayozishika karibu pande zote zisije zikaviringika. Paipu kuukuu ilitoka na mikunjo yake yote, naye akailaza juu ya gunia iwe kipimo. Kando yake akanyoosha paipu mpya ya shaba iliyochanganywa na nikeli, isiyoshikwa na kutu kirahisi. Hapo ndipo nilipokaa chini kutazama. Aliikunja kwa kidole gumba, akiizungusha kwenye shingo ya chupa ya soda, taratibu, kwa upole wa mama anayempitisha mtoto mkono kwenye shati. Kila mkunjo aliulinganisha na wa zamani. Paipu ikisinyaa hata mahali pamoja, haifai tena.

Aliikata kwa kikata paipu chenye gurudumu dogo. Msumeno ungeacha unga wa shaba ndani, na unga huo ungekwenda kukwaruza mipira ya silinda. Kijana aliposhika kifaa cha kupanua mdomo, fundi akamgusa bega: "Nati kwanza." Nati isipovishwa kabla, mdomo ukishapanuka haiingii tena, na kazi yote inarudi mwanzo. Ukingo ukapanuliwa, ukakunjwa kurudi ndani ukawa na tabaka mbili, ndizo zinazozuia mafuta pale nati inapokaza. Kisha akapuliza ndani ya paipu, akaiinua, akachungulia mdomo wake kwenye mwanga. Hakuridhika. Akaukata akaanza upya, na hakuna aliyekuwa amemwambia una kasoro.

Halafu kutoa hewa. Kijana akaingia kwenye usukani, fundi akarudi chini na mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. "Pampu! Pampu! Shika!" Akalegeza, mapovu yakatoka, akakaza. "Achia." Mguu hauachiwi kabla skurubu haijafungwa, la sivyo hewa hurudi ilikotoka. Waliendelea hivyo hadi mapovu yakaisha na pedali ikasimama imara chini ya mguu. Mafuta ya zamani yote yalimwagwa, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Anayeteremka Kona Baridi kuelekea Magadi, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, anapaswa kulijua hilo. Maji hayohayo ndiyo yanayoila paipu kwa ndani, upande ambao brashi haifiki.

Nchi hii ya Kajiado imewajua mafundi wa chuma tangu zamani, na haikuwatendea haki. Wamaasai walikuwa na Ilkunono, wahunzi waliofua mikuki na sime, wakitumia hata nyaya za chuma zilizoletwa na misafara kutoka pwani. Moran alijivunia mkuki wake, lakini aliyeufua alitengwa; wengine hawakuoa kwake wala yeye hakuoa kwao. Mafundi wa jua kali nao walisubiri sana. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilieleza kwamba watu hawa wanafanya kazi halisi yenye manufaa kwa uchumi wa Kenya, na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, akaagiza wajengewe vibanda. Kutambuliwa walitambuliwa. Kuthaminiwa kwa kazi isiyoonekana ni jambo jingine.

Kwa maana siku hizi tunanunua gari kwa macho. Tunapapasa rangi, tunasikiliza redio, tunapima ubaridi wa kiyoyozi. Chini limepakwa rangi nyeusi juu ya kutu, nasi hatuinami, ingawa tulilelewa na methali kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Likiharibika, tunamtafuta wa haraka na wa rahisi. Yeye huikunja paipu, huigonga nyundo, hupokea pesa zake, na gari huondoka likivuta upande mmoja kila likisimamishwa. Ajali ikitokea tunasema breki zilikatika, tunazika, tunarudi kwa fundi yuleyule.

Kijana wa Mashuuru atahitaji miaka kabla mkono wake haujaijua paipu. Wenzake wengi hawana miaka hiyo, na sisi ndio tuliowanyima, kwa kupunguza bei ya kila kazi tusiyoiona na kulipa bila ubishi kila kinachong'aa. Siku ile mzee wa mbuzi alilipa alichoombwa, akashukuru, akaondoka amechelewa. Wateja wa namna yake wanapungua. Wakiisha, fundi huyu atalikunja jamvi la ujuzi wake, na hatutakuwa na wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe tuliomfundisha kwamba subira yake haina bei.