Paka wa Nani? Kuisoma "Sultani Majinuni" Kutokea Mikumi

Ngano ya Sultani Majinuni sote tumeipitia, au niseme tumepitishwa. Edward Steere aliinakili kutoka kwa wasimulizi wa Unguja akaichapisha London mwaka 1870 katika Swahili Tales. Mwaka 1901 George Bateman akaitoa kwa Kiingereza, na mwaka huohuo Andrew Lang akaitia katika kitabu cha watoto wa Uingereza. Kwa ufupi sana: Sultani ana paka. Paka anakula ndama, anakula mbuzi, anaendelea kupanda ngazi hadi kwa watu. Kila anayekwenda kushtaki anapewa jibu lilelile, kwamba paka ni mali ya Sultani na aliyeliwa pia ni mali ya Sultani. Kesi imekwisha. Siku paka anapowashukia wana wa Sultani mwenyewe ndipo inapotangazwa kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu, na mwana mdogo, Mkaa Jikoni, anatoka kwenda kumsaka.

Katika semina jibu liko tayari hata kabla mwalimu hajafunga mlango. Sultani ni tabaka tawala, paka ni vyombo vya dola, wanaoliwa ni wanyonge, Mkaa Jikoni ni mwanamapinduzi. Dhamira kuu: uongozi mbaya. Unapata alama zako, unakwenda kula. Mimi silikatai jibu hilo, na Majinuni hahitaji wakili. Tatizo langu ni kwamba uhakiki wa namna hii unammeza paka kabla paka hajammeza mtu. Mnyama anageuzwa ishara tangu sentensi ya kwanza, na ngano inabaki haina kitu ndani ya nyumba. Wakati ngano hii ni ya nyumbani kabisa! Kabla ya kuwa nunda, yule alikuwa paka wa mtu.

Ndugu msomaji, nina sababu ya kuugombea u-paka wa paka huyu. Nilikulia katika nyumba za watumishi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako baba alikuwa fundi wa magari. Ndani ya hifadhi hakuna kufuga. Mbwa hapana, kuku hapana, paka hapana. Tulilijua hilo kama tulivyojua kutokwenda kisimani usiku kwa sababu ya tembo. Lakini panya walikuwa wametushinda. Walitoboa gunia la mchele, wakatoboa na la pili tulilowekea la kwanza. Likizo moja tukitoka kwa bibi Kilosa, mama akapakata kikapu kilichofunikwa kanga. Njia nzima ya vumbi, tukapita Ulaya (Ulaya yetu ile, wanaosafiri kati ya Kilosa na Mikumi wanaijua), kikapu kinalia na mama anakohoa ili kukifunika. Tulimwita Nyau, maana jina la kupendeza lingeweza kututoka mdomoni mbele za watu.

Tulimficha kama mwaka hivi. Sitaki kupamba mambo: tulimpenda, na kumficha kulituongezea mapenzi. Kisha asubuhi moja akaleta kware mlangoni, akamlaza pale kama mtu aliyeleta kitoweo. Mama alichukua ufagio, akafagia manyoya yote, akafukia, akanawa. Hakumpiga paka wala hakusema neno. Niliposoma ngano ya Majinuni mwaka wa kwanza chuoni, nilipofika kwenye ndama nikamwona mama na ufagio wake.

Maana hapo ndipo ngano inapouma. Hatuambiwi kwamba Sultani alikuwa na chuki na watu. Alichokuwa nacho ni paka anayempenda na maneno ya kummilikia. Ulimi wake unajua kimilikishi kimoja tu, wangu, nacho kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinamkinga paka na kinafuta deni. Sisi nasi tulikuwa tunafuta deni. Tofauti ni kwamba tulijua lipo, ndiyo maana tukafagia kabla hakujapambazuka vizuri.

Na deni lilikuwa la kweli. Zamani nilidhani katazo lile ni ukali wa wakubwa tu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1994 ugonjwa unaofahamika kwa mbwa wa kufugwa uliingia kwa simba wa Serengeti, wakafa kama theluthi moja, simba 1,000 hivi. Paka naye ana lake. Kimburu, yule paka wa porini, ni wa ukoo mmoja na paka wa jikoni. Wakikutana wanazaana, na pole pole kimburu halisi anayeyuka bila risasi hata moja. Kwa hiyo Nyau hakuhitaji kukua awe na ukubwa wa nunda. Ukubwa aliokuwa nao ulimtosha.

Sasa turudi kwenye matini, kwenye kile kitendo cha kubadilisha jina, ambacho nadhani ndicho kitovu cha ngano yote. Paka anakuwa nunda lini? Si anapokuwa mkubwa wala anapomla mtu wa kwanza, kwa sababu mtu wa kwanza aliliwa na paka, kwa jina hilohilo la paka. Anakuwa nunda anapomgusa mwana wa mwenye paka. Yaani jina halifuati umbo la mnyama, linafuata msiba umeangukia nyumba ya nani. Na kwa kumwita nunda, Sultani anapata faida ya pili: amejivua. Nunda hana mwenyewe, ni wa porini huko.

Kwetu jina lilibadilika kwa kufumba na kufumbua. Mkubwa wake baba alipita jioni kuulizia gari, mama akamkaribisha chai. Nyau akatoka chini ya kitanda, akaja kujisugua kwenye mguu wa baba. Mgeni akatazama.

"Mzee, huyu paka wa nani?"

"Si wetu, afande. Anapita tu."

Mkia wa Nyau ulikuwa umezunguka kifundo cha mguu wa baba. Mgeni akanywa chai yake hadi mwisho, akasema, "Basi asipite tena." Na hakutuandikia barua, ingawa angeweza. Miaka mingi niliona baba alikuwa mwoga kuliko Sultani. Leo naona walisema sentensi mbili za familia moja. Mmoja anasema wangu ili asilipe, mwingine anasema si wangu ili asilipe.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wanaomshangilia Mkaa Jikoni hulipita mbio. Huyu kijana, kabla hajamfikia nunda, anaua mbwa, punda milia, twiga, faru, tembo, na wengine. Kila mzoga anamletea mama yake akiimba kwamba huyu ndiye, na mama anajibu siye. Kwa mtoto wa Mikumi orodha hiyo, ukiacha mbwa na faru, ni ya majirani waliokuwa wakipita nyuma ya jiko letu. Wote hawana kosa, na wote wanalipia kosa lililolelewa ndani ya nyumba ya mwindaji. Hapa nadhani ngano ina kasoro, kwa sababu inawahesabu kama mazoezi ya shujaa na haiwalilii hata kidogo. Lakini imemwekea mama kazi nzuri. Ndiye mhakiki pekee katika ngano nzima: anautazama mzoga, anaulinganisha na anachokijua, anakataa kumpa mwanawe sifa ya bure. Na anakijua kwa sababu, nina hakika, paka yule alipita jikoni kwake akiwa mdogo.

Kesho yake baba alimrudisha Nyau Kilosa, ndani ya kikapu kilekile, safari hii bila kanga. Nilikwenda naye. Tulipokuwa bado tunakunywa maji, jirani akaja uani, hasira zimemjaa, vifaranga vyake viwili havionekani.

"Mama mkubwa, paka yule wa nani?"

Bibi hakututazama. "Wa mwanangu," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari unafungua fundo la pindo la kanga. "Vingapi umesema?"