Je, daktari aliyekosea ni 'mtepetevu'?

Wiki iliyopita nilisikiliza taarifa mbili za redio, moja kutoka Meru na nyingine kutoka Embu. Zote zilihusu jamaa wanaoomboleza mgonjwa aliyefia hospitalini. Mwanahabari wa Meru alisema wahudumu "wanadaiwa kuwa watepetevu". Yule wa Embu akasema mgonjwa alifariki "kutokana na uzembe wa madaktari". Mtangazaji studioni akadakia, "Yaani ni uvivu tu!" Hapo nikashtuka.

Utepetevu unatokana na kitenzi tepetea, yaani kulegea au kukosa nguvu. Tepetea huzaa tepetevu, kama legea inavyozaa legevu. Maana ya msingi basi ni ya kimwili. Mkulima wa miraa kule Maua huifunga kwa majani ya mgomba kwa kuwa anajua ikishatepetea, hana chake sokoni. Mwenzake wa muguka kule Mbeere anayajua hayo vilevile. Neno hilo pia humrejelea mtu asiye na bidii, na hapo ndipo linapokutana na uzembe, ambao ni tabia ya kutopenda kazi.

Sheria, hata hivyo, haiulizi habari za tabia. Katika kesi ya Bolam ya 1957 nchini Uingereza, ambayo mahakama zetu huirejelea, kipimo ni kama daktari alitimiza kiwango kinachotarajiwa kwa mtaalamu wa kawaida wa fani yake. Daktari aliyekesha zamu mbili mfululizo anaweza kumpa mgonjwa dawa isiyofaa. Huyo naye utamwita mzembe? Na mvivu wa kutupwa anaweza kumaliza zamu bila kumdhuru yeyote.

Tulikuwa na purukushani, kutoka purukusha, yaani kupuuza au kutotilia jambo maanani. Lakini sisi wa magazeti tumeligeuza neno hilo kuwa rabsha za polisi na waandamanaji, na sidhani litarudi kwao. Mghafala nao unakaribia, ila unapunguza lawama mno: kila mtu hughafilika, bwana.

Mimi ningechagua 'ukosefu wa uangalifu wa kitaaluma'. Ni refu, kweli, na mhariri wa redio atanung'unika. Angalau linataja kosa bila kumpachika mtu tabia. Na kabla ya mahakama au baraza la madaktari kuamua, litanguliwe na 'madai ya'. Mwanahabari wa Meru alikumbuka kudai. Wa Embu alishatoa hukumu.