Kalibu Ile Ile, Rangi Nyingine

Mwaka 1967 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa mwanasesere mweusi aitwaye Colored Francie. Kichwa chake kilitoka katika kalibu ile ile ya Francie mzungu, binamu yake Barbie. Pua ile ile, midomo ile ile, plastiki tu ndiyo ya kahawia. Miaka miwili kabla, Hasbro walikwisha kufanya hivyo kwa askari wao G.I. Joe. Msiseme haya ni mambo ya watoto, jamani. Sisi tunaojifunza kuunda wahusika yanatuhusu sana.

Hebu tutazame kwanza kazi yenyewe ya kutia rangi, maana huko Marekani wapo watu wazima wanaoifanya jikoni kwao. Fundi anachukua sanamu ya shujaa wa plastiki, anaichambua viungo, anachemsha maji na kutia rangi ya vitambaa vya nailoni na poliesta (ile yetu ya batiki, ya pamba, haifai hapa), kisha anachovya. Joto linailegeza plastiki na rangi inapenya. Akizubaa, mkono unapinda. Kwa nini asipake kwa brashi yakaisha? Kwa sababu rangi ya kupaka inakaa juu juu. Kunja goti mara kadhaa uone: pale kwenye kiungo inabanduka, ya zamani inachungulia. Iliyopenya haibanduki hivyo. Ila ina ukaidi wake, haifuti iliyokuwepo. Sanamu ya njano ukiichovya kwenye bluu unapata kijani, upende usipende, na nyeusi hata uichemshe mpaka kesho haiwi nyeupe.

Kuazima kalibu si dhambi. Mwaka 1983 Mattel hao hao walimchukua He-Man, wakampa ngozi ya bluu na deraya ya adui yake Skeletor, wakamwita Faker. Ubahili wa kiwanda, basi! Lakini mimi namkubali Faker, kwa kuwa hadithi yake ndiyo hiyo: ni He-Man wa bandia. Kufanana kwao ndicho kisa chenyewe.

Kwa Shani mambo ni magumu zaidi. Huyu alitoka 1991 pamoja na wenzake Asha na Nichelle, na jina lake, kama mnavyosikia, ni la kwetu. Walipewa sura mpya na weusi wa namna tatu, si kahawia moja kwa wote. Hatua kubwa, tusiwanyime. Hata hivyo mhakiki Ann duCille, katika insha yake ya 1994, hakuridhika: kwake hawa bado ni Barbie waliochovywa, tofauti inayouzwa dukani. Mwili bado ulitakiwa kuingia katika nguo za Barbie. Nakubaliana naye, ingawa nadhani sura zile alizipita haraka.

Sasa nina mswada wa mwenzetu mmoja hapa mezani. Kachero anaitwa Juma, anakaa Kariakoo, anakula chipsi mayai. Brashi imepita vizuri, nikamwamini. Kufika sura ya tatu anakunja goti: ananyanyua kola ya koti refu Januari, jua la Dar likiwaka, anaingia baa na kunywa wiski peke yake saa nzima bila hata mtu mmoja kumwambia mambo vipi. Kariakoo ipi hiyo? Huyo ni mzungu wa sinema, na kwenye kiungo anaonekana.

Lakini ukurasa unaofuata kuna mama muuza vitumbua anayekataa kumkopesha Juma, kisa bado anamdai vya Ijumaa, na anamwambia hivyo mbele ya watu. Kachero anabaki anajikuna kichwa, koti na yote. Mama huyo amepewa kurasa mbili tu. Bwana mwandishi, mimi ningesoma riwaya nzima juu yake.